Neno Nililoomba Lisije

Kila msimu wa korosho, harufu ya mabibo yaliyoanguka na kuanza kuchacha hunirudisha nyumbani Mkunya, huko Newala, mwaka ule nilipokuwa kidato cha kwanza. Wenzangu huiona tamu. Mimi huipita mbio.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amenirudishia insha, akasema inarukaruka kama panzi. Akatufundisha maneno ya kuunganishia sentensi: "moreover" ya kuongeza jambo, "therefore" ya kuonyesha matokeo, na "however", ambayo ukiisikia, alisema, jua mambo yanageuka. Niliyakariri nikiokota korosho na mama. Mama hakujua kuacha utani. "Hiyo moova," akaniuliza, "ndiyo sulfa mpya ya kupulizia mikorosho?" Tulicheka mpaka akashika ubavu. Kumbe ubavu ulikuwa unamuuma kweli, na wiki ileile ukamzidi, mjomba akampeleka hospitali Masasi.

Mjomba alirudi asubuhi moja, peke yake. Kwetu mwenye habari nzito haitui mlangoni kama gunia. Husalimia, hunywa maji, kisha husimulia safari tangu mwanzo, na msikilizaji hamkatizi, huitikia tu. Mimi sikuijua bado desturi hiyo. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akamgeukia baba.

"Baba Sofia, tulifika salama."

"Eheee," baba akaitikia.

"Tena walitupokea vizuri. Tena dada alipata kitanda karibu na dirisha. Na uji alikunywa. Akamtaja na huyu Sofia, akasema kichwa chake siku hizi kimejaa Kizungu."

Baba alikuwa ameshainamisha kichwa. Mimi nilifurahi, mjinga wa watu! Maneno yote ya mjomba yalikuwa ya kuongeza, hata moja halikugeuza. Nikaomba kimoyomoyo: Mungu wangu, asiseme "lakini". Asiposema "lakini", mama anarudi.

Na kweli hakusema. Alimalizia maji, akaweka kikombe chini.

"Dada yangu hatunaye tena."

Nilimchukia mjomba miaka mingi. Niliona ametudanganya, ametuletea mama aliyekaa kitandani anakunywa uji, halafu akatupokonya.

Mwaka jana baba alifariki, nikatumwa kwenda Chidya kumwambia mdogo wangu anayefundisha huko, ambaye siku ile ya mjomba alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Njia nzima nilijiambia nitalisema mara moja, liishe. Akatoka darasani, mikono imejaa chaki.

"Shikamoo dada! Baba hajambo?"

Nikamjibu kwamba Newala mvua zimenyesha. Tena muhogo umestawi. Nikamwona anaketi polepole kwenye ngazi, nikajua ameshajua. Ndipo nikamwelewa mjomba, aliyebeba kifo cha dada yake peke yake tangu Masasi, na bado akamwacha hai kwetu kwa muda wa kikombe kimoja cha maji. Nikaacha habari za muhogo, nikaketi kando yake.

Mdogo wangu akanishika kiganja.

"Endelea tu, dada," akasema. "Usifike haraka."