Baba Aliyeishi Ndani ya Simu

Simu kuukuu ya baba iko kwenye droo ya kabati letu, Kajiado, pamoja na betri zilizokufa na funguo ambazo hakuna ajuaye zinafungua nini. Juzi nilipoitoa, bado ilikuwa na harufu yake ya plastiki iliyokaa sana juani. Kioo cha kamera yake kimeingia ukungu, na fundi akiiona atadhani ilichezewa na mtoto mwenye mikono ya mafuta. La hasha. Ukungu ule ni wa kiganja cha baba, na nikikueleza ulivyopatikana utajua kwa nini siwezi kuitupa.

Kwetu Umasaini mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anakiwekea kiganja, na salamu imekwisha. Baba alipokwenda Doha kulinda hoteli kule West Bay, mdogo wangu Lemayian alikuwa na miezi mitano, kwa hiyo salamu zetu zilihamia kwenye simu. Kila Ijumaa mama aliishika simu yake, sisi tukaielekezea vichwa, na baba huko aliko akaiziba kamera yake kwa kiganja. Kioo kikawa cheusi tii. Tulingoja hapo hapo, vichwa chini, mpaka uso wake uliporudi. Giza lile lilichukua muda mrefu, nami nilikuwa na haraka ya kuomba viatu.

Ikapita miaka minne. Likizo ya baba iliahirishwa mara mbili, na ile mara ya pili akamwambia mama, "Kama mimi sitoki, basi njooni nyinyi." Tulipewa viza ya wiki tatu. Shangazi, dada yake baba, alicheka mpaka akaketi. "Huyu msichana sawa, ana miaka kumi. Lakini huyu wa miaka minne umpandishe ndege akaone nini? Atakumbuka nini, jameni?" Mama, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliendelea kukunja nguo.

Alichofanya ni kumfunza Lemayian adabu: huko ugenini, kila mkubwa asalimiwe. Mtoto akalishika somo kuliko tulivyotaka. Tulipofika Doha, afisa wa uhamiaji, kijana nadhifu mwenye kanzu nyeupe pe, alishangaa kuona kichwa kimeinamishwa mbele ya kaunta yake. Akadhani mtoto ameangusha kitu. Akasimama, akachungulia sakafuni. Mama naye akainama kutafuta, na mtu aliyekuwa nyuma yetu akainua begi lake kutupisha. Afisa akauliza kwa Kiingereza tumepoteza nini. Kwa Kiingereza changu cha darasa la nne nikamjibu kwamba hatujapoteza kitu, mtoto anampa kichwa chake. Alitugongea mihuri upesi sana.

Baba alikuwa akitungoja mlangoni pa abiria, amevaa shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilimkimbilia, nikampa kichwa changu, na kiganja chake kilikuwa kizito na chenye joto kuliko nilivyokumbuka. Kisha akachuchumaa mbele ya Lemayian.

"Salimia baba," mama akasema.

Lemayian akajificha nyuma ya sketi yake. "Huyu si baba," akasema. "Baba yuko kwa simu."

Baba alicheka kwa sauti kubwa, hata watu wakageuka. Akasema mtoto amechoka na safari, akilala atakuwa sawa.

Alilala, akaamka, na hakuwa sawa. Tulikaa Al Wakrah, mji jirani na Doha, kwa Mama Namata, Mganda aliyefanya kazi ya usafi katika hoteli ya baba. Yeye na mumewe walikuwa wametupa chumba kimoja, kwa sababu baba mwenyewe aliishi kambini na wanaume peke yao; kwa wiki zile tatu alihamia kwetu. Sasa, kwao Buganda mwanamke humsalimu mgeni kwa kupiga magoti. Alifungua mlango, akashuka magotini kwa heshima zote, na wakati ule ule Lemayian akashusha kichwa. Vichwa vikagongana, ko! "Bambi, pole, mwana wangu!" Mama Namata akalia, huku akijisugua paji la uso. "Kichwa gani hiki, jiwe?" Tangu siku hiyo walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Kila mtu alipewa kichwa isipokuwa baba. Walinzi wenzake kule West Bay walipewa, Mnepali na Mghana, wote, mpaka wakaanza kumtania kwamba huenda huyo mtoto amemwazima. Siku moja tulitembea kando ya bandari ya Wakrah, na Lemayian akamwendea mzee wa Kiarabu aliyeketi kwenye benchi na fimbo yake. Akainama. Mzee hakuchungulia chini wala hakuuliza. Aliweka kiganja juu ya kile kichwa kidogo, akasema, "Mashallah, mashallah," akatoa tende mfukoni.

Baba alikuwa nyuma yetu, amebeba viatu vya Lemayian, kofia ya Lemayian na maji ya Lemayian. "Ala!" akasema. "Mzee wa watu anapewa kichwa bure, na mimi niliyezaa nanyimwa?" Tulicheka sote. Yeye pia alicheka, ila kicheko chake kiliisha kabla ya chetu. Usoni mwake nilisoma hesabu ya siku zilizobaki.

Zilipobaki mbili, ilikuwa Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana Lemayian alijilaza kwenye zulia, chini ya kiyoyozi, akaanza kulia. Si kilio cha deko, ni kile cha ndani ndani. Mama akamwuliza ana nini.

"Baba hapigi simu," akasema. "Amenisahau."

Ilikuwa kweli. Kwa karibu wiki tatu hakuna aliyepiga simu, kwa kuwa aliyekuwa akipiga alikuwa amesimama hapo mlangoni pa jikoni, mkononi ana kipande cha chapati. Akakiweka chini. Akachukua simu yake, akatoka mpaka kwenye korido, akafunga mlango. Simu ya mama ikalia.

"Baba!" Lemayian akaruka. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, mwanangu. Habari za huko?"

"Mbaya. Kuna mtu hapa anamaliza chapati zetu."

"Mtu gani?"

"Mkubwa. Analala na mama. Na anakoroma."

Mama Namata alikimbilia jikoni, mdomo ameuziba kwa leso. "Nitamwambia aache," sauti ya baba ikasema. "Haya, nipe kichwa."

Lemayian akainamia simu. Kioo kikawa cheusi. Mlango ukafunguka polepole, baba akaingia peku, simu mkono mmoja, akaweka ule mwingine kichwani mwa mwanawe. Lemayian akatulia kabisa. Kisha akainua macho. Akaitazama simu ya mama, akaitazama ya baba, akamtazama yule mlaji wa chapati.

"Baba," akanong'ona, "umetoka!"

Mimi nilikuwa nikitazama kitu kingine. Baba alikuwa bado ameiziba kamera kwa kidole gumba, ingawa hapakuwa na aliyetazama kioo tena, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilifikiri ni vumbi. Doha ina vumbi.

Shangazi hakukosea. Lemayian hakumbuki jengo hata moja, wala bandari, wala tende. Tukimsimulia anasema tumetunga. Mimi ninayekumbuka yote nilidhani miaka mingi kwamba safari ile ilikuwa yetu sisi watoto, tupelekwe tukaone ng'ambo. Mwaka jana, baba akiwa amesharudi nyumbani kabisa, nilimwuliza kwa nini giza la simu lilikuwa refu vile.

Alijikuna shingo. "Ningefanya nini? Mngeniona nalia, mngeniambia nirudi," akasema. "Na ningerudi."

Siku hizi Lemayian akija kutoka shuleni hulazimika kuinama sana, maana amempita baba kwa urefu. Baba humwekea kiganja, akakaa nacho hapo, akakaa, mpaka kijana analalamika kwamba shingo inamuuma. Baba haondoi mkono.