Godoro la Kuoshwa Mara Saba

Mama yangu hana ugomvi na mbwa, ana ugomvi na mate yake. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, mbwa alikubaliwa kwa sababu ya kima waliokuwa wakitumalizia mahindi, na tangu siku ya kwanza akawekewa mpaka: mstari wa mawe mbele ya jiko la nje. Hapo ndipo dunia yake ilipoishia. Mama hakumpa jina. Alimwita "huyo wako", na mbwa mwenyewe alikuwa akiitika.

Alikuwa wangu kweli. Kazi yangu ni kutembeza wageni milimani, kutoka Lushoto mpaka Mtae, na yule mbwa tangu miguu yake ilipokomaa hakukubali kubaki nyumbani. Wageni walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Vijijini tulikopita, wenyeji walinikaribisha nilale ndani, lakini yeye hapana, na sikuwalaumu, maana hata kwetu ni vivyo hivyo. Ila kumwacha peke yake kwenye ule ukungu sikuweza. Nilikunywa chai yao, nikashukuru, nikaenda kulala naye kwenye hema langu. Alikuwa akinibana mpaka nakosa pa kuweka mguu, na sijawahi kulala vizuri kuliko hivyo.

Tukirudi, Mama hutusubiri kwenye yale mawe.

"Kama umekaa naye ukiwa mkavu na yeye mkavu, hakuna neno," husema. "Mlikuwa wakavu?"

Nani atakuwa mkavu kwenye ukungu wa Usambara mwezi wa Juni? Basi tulifuata kama tulivyofundishwa madrasa. Kila kilichomgusa mbwa kikiwa kimelowa kilioshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo kivuke mlango. Mama alisimama pembeni akihesabu kwa Kishambaa, na nikijaribu kuruka moja alirudi nyuma mbili.

Kwa miaka mingi tulilalia mkeka, mbwa na mimi, na haikuwa taabu. Taabu ilianza miguu yake ya nyuma ilipokakamaa. Asubuhi moja, kwenye ukingo wa mlima karibu na Mtae, nilikunja hema, wageni wakafunga mabegi, na yeye bado amelala. Alinitazama, akainua kichwa, akainua kifua, nyuma ikakataa. Baridi ya ardhi ilikuwa imempanda usiku kucha kupitia ule mkeka. Nilimbeba kifuani mpaka jua lilipompasha joto, na nilipomweka chini akatembea kama hakuna kilichotokea, ila mimi nililia nyuma ya wageni wangu, nikisingizia vumbi.

"Mwache nyumbani," Mama akaniambia niliporudi. "Ni mzee huyo wako."

Nilishamwacha mara moja. Hakula mpaka niliporudi, na Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia hivyo, tena kwa kulalamika, kwamba amemwekea ugali na dagaa vikaliwa na kuku. Kwa hiyo nilijua jambo moja: ama nipate kitu cha kumtenga na ile ardhi, aamke asubuhi aende, ama safari zetu zimekwisha, na pengine na yeye.

Nilianza na godoro la kujaza upepo aliloniachia mgeni mmoja. Lilikuwa dogo kama mkate wa boflo likikunjwa. Mama alilijaribu barazani kabla mbwa hajaligusa, akalala chali na kanga yake, akasema ni kama kulalia maziwa ya mgando, akacheka mpaka akashindwa kuinuka. Lakini mbwa halali kama mtu. Mbwa huzunguka kwanza, huparura, huzunguka tena, kana kwamba bado kuna nyasi za kulaza. Alipomaliza kuzunguka tukasikia sss, na sote wawili tukashuka taratibu mpaka chini. Fundi baiskeli alilibandika kiraka. Safari iliyofuata likahitaji viraka vingine, na mwisho fundi akaniuliza kama hilo godoro nalilaza juu ya michongoma.

Nikakata sponji, kipande kizima cha godoro la kawaida, nene kama ngumi. Hilo kucha hazikuliweza. Mbwa alililalia akaamka vizuri, na mimi nikajiona nimemaliza kazi. Kisha tukanyeshewa, tukafika nyumbani kwenye mawe, na Mama akaanza kuhesabu. Hebu jaribu kuosha sponji mara saba, mojawapo kwa udongo. Ule udongo wetu mwekundu uliingia ndani na haukutoka tena. Lilikunywa maji ya mapipa yote, likaning'inia kwenye kamba likichuruzika, likaanza kunuka, likaota ukungu wa kijani, na safari mpya ikanikuta sina godoro. Nilikasirika. Nilimwambia Mama kwamba tatizo si mbwa, ni zile mara saba zake. Alifunga kitambaa chake kichwani akaenda kupalilia karoti.

Siku ya soko aliniambia, "Twende wote."

Kwenye meza za mitumba kulikuwa na mikeka ya mazoezi, ile ya watu wa mjini wanaojinyoosha. Mimi nilikuwa naishika ile laini. Mama alipita yote, akachomoa mmoja mgumu wa kijivu, mnene, usiobonyea sana, ambao mimi nisingeutazama mara mbili. Aliukwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, na kidole gumba cha Mama kimepalilia maisha yake yote. Haukuacha alama. Kisha akaomba maji ya kunywa kwa muuzaji, na yule kijana alipompa chupa kwa heshima zote, Mama akayamwaga juu ya mkeka. Kijana akabaki mdomo wazi. Maji yalisimama juu yake kama yanavyosimama kwenye jani la kabichi. Mama akaukung'uta mara moja, akapitisha kiganja, akanionyesha kiganja kikavu.

"Huu hata mara saba utaoshwa na jioni utalaliwa," akasema. "Huyo wako atalala juu. Baridi ni maji tu, mwanangu. Pasipopita maji na baridi haipiti."

Sijui kama ni kweli kuhusu baridi na maji. Najua kwamba kule Mtae, upepo ukipiga hema pande zote, niliutandika ule mkeka, mbwa akazunguka, akaparura, akazunguka tena, wala hakuna kilichopasuka. Asubuhi nilijifanya nimelala, nimefumba macho, maana sikutaka kuona. Nikasikia akijinyoosha, akijikung'uta masikio, halafu pua ya baridi ikanigusa shingoni. Sijawahi kupewa zawadi inayozidi hiyo.

Ila uzee haubebwi na mkeka. Kwenye kurudi mvua ilitukuta mteremkoni, mvua isiyo ya msimu, na mbwa akaanza kubaki nyuma, kisha kuketi, kisha kuketi kila kona. Tulifika nyumbani alasiri nimembeba, tumelowa wote mpaka mifupa. Nilimshusha kwenye mawe, mahali pake, akasimama akitetemeka wala hakuvuka, kwa sababu hajawahi kuvuka.

Mama alitoka jikoni. Nilingoja aulize kama tulikuwa wakavu. Alimtazama, akanitazama, akanyoosha mkono, akauchukua ule mkeka kwenye begi langu, akaingia nao jikoni, akautandika kando ya mafiga. Akarudi, akasimama mbele ya yale mawe.

"Mwingize," akasema.

"Mama, jiko lako."

"Maji yapo. Udongo nao umeisha Lushoto?"

Nilimvusha mwenyewe kwa mikono, maana alikuwa anasita. Alizunguka mara moja tu juu ya mkeka, akalala, mvuke ukatoka kwenye manyoya yake kama wa nguo mbichi inayokaushwa. Mama akaendelea kukoroga maharage, amemgeuzia mgongo, kanga yake akiikusanya isimguse.

Tangu siku hiyo hajatembea tena nami. Godoro nililolihangaikia kwa ajili ya njia liko jikoni kwa Mama, na mimi kule milimani nimerudia kulalia mkeka wangu wa zamani. Mama huliosha lile la mbwa yeye mwenyewe, kwa hesabu yake, na majirani wakimshangaa huwaambia waangalie bustani zao. Mbwa naye chakula sasa anakula hata nisipokuwepo, akiwa amelala ubavu hapo kwenye mafiga.

Nikiwa Mtae, asubuhi kabla wageni hawajaamka, hupanda mpaka pale ukingoni kwenye mtandao nikampigia Mama. Nilizoea kumsalimia, kuuliza habari za bustani na za mvua, kisha ndipo niliulize lile ninaloliogopa. Siku hizi haningoji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ameamka."