Ukuta Ulionukia Mvua

Chumba chetu cha Kakuma kilikuwa na harufu ya mvua. Mtu wa Kisii au Kericho atasoma sentensi hiyo na kupita, maana kwake mvua ni jambo la kila alasiri. Lakini mtoto aliyezaliwa Lodwar anaijua harufu ya matone ya kwanza yakigonga vumbi, na amewaona watu wazima wakiacha kazi na kutoka nje ili waivute puani. Basi tulipohamia Kakuma mwaka 2012, nikiwa na miaka kumi, nikakuta harufu hiyo imo ndani ya chumba, kati ya kitanda na ukuta, ilhali nje jua linawaka, niliona tumepata bahati. Bibi yangu, ambaye sisi humwita Ata, alipokuja kututembelea kutoka Lodwar alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Ejok," akasema polepole, "ejok, ni vyema. Mungu amekaa humu." Akaomba pale pale, akishukuru kwa nyumba yenye baraka ya maji, nasi sote tukaitikia amina. Leo najua kwamba siku ile tulikuwa tukitoa shukrani kwa ajili ya kuvu.

Mama alikuwa amepata kazi ya kupika katika shule ya watoto wadogo, na Baba alikuwa utingo wa lori lililokwenda Lokichoggio hadi mpakani Nadapal, kwa hiyo tulimwona kwa nadra. Tulipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba sita vya matofali ya saruji, na nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na bafu la wapangaji wote. Mama alikitunza chumba kile kama alivyolelewa. Kwetu maji hayaachwi nje, maana mbuzi watayanywa na upepo utayajaza mchanga. Kwa hiyo pipa la bluu na madumu yote yalipangwa ndani, yakiegemea ukuta, karibu na tulipolaza vichwa. Vumbi nalo alipigana nalo kila siku. Aliziba dirisha kwa nailoni na misumari, akasukuma matambara chini ya mlango, na nguo zilizofuliwa alizianika ndani ili zisigeuke kahawia kabla ya kukauka. Majirani walimsifu. Walisema chumba cha Mama Asekon, walivyomwita kwa jina langu, ndicho pekee ambamo mtu anaweza kunywa chai bila kutafuna mchanga.

Baada ya Krismasi mdogo wangu Akiru, aliyekuwa na miaka minne, alianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu na kifupi, kama mtu anayebisha hodi na kukosa jibu. Wote walisema ni vumbi, na Mama akaongeza nailoni ya pili dirishani. Siku hizo hizo madoa meusi yalitokea kwenye pembe nyuma ya kitanda, kwanza madogo kama dengu, kisha makubwa kama kiganja. Mama alidhani ni masizi ya jiko, akawa anayafuta kila asubuhi kwa kitambaa kilicholoweshwa, nayo yalirudi yakiwa mengi zaidi. Mwenye nyumba, Mzee Lomuria, alikuwa mtu mwema aliyekwenda kila mahali na kigoda chake cha mbao mkononi. Alikuja, akakaa, akautazama ukuta. "Mama Asekon, huu umezeeka kama mimi," akasema. "Tuuvishe nguo mpya." Akaupaka rangi ya samawati. Tulifurahi sana. Haukupita mwezi, rangi ile ikavimba malengelenge, na weusi ukachungulia katikati yake.

Ata alirudi mwaka 2013, safari hii akiwa amesikia habari za kikohozi. Alimtazama Akiru akilala mchana, mbavu zikipanda na kushuka, naye akakata shauri. "Huyu namchukua," akamwambia Mama. "Vumbi la Lodwar linamjua, halitamdhuru. Jumatatu tunapanda basi." Mama hakubisha, maana mama mkwe habishiwi, na labda kwa sababu hata yeye alikuwa na hofu. Aliinamia beseni la nguo na kufua kwa nguvu, akinificha uso. Mimi nililala kitanda kimoja na Akiru tangu alipoachishwa ziwa. Alikuwa hapati usingizi mpaka ashike sikio langu. Katika shule ya Jumapili nilikuwa nimefundishwa kuomba kwa imani, nami niliomba basi liharibike. Kisha nikawafikiria abiria wengine wakikaa juani, nikaona haya, nikaomba tu lijae.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja Mama Furaha kumuaga mtoto. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Kongo aliyeishi kambini na kuimba na Mama katika kwaya. Alibeba mandazi katika bakuli lililofunikwa kitambaa. Alifika mlangoni, akavuta pumzi kama Ata alivyofanya siku ile, lakini uso wake ulibadilika.

"Mama Asekon," akasema, "humu munanuka kwetu."

"Kwenu wapi, dada?"

"Bukavu. Kule mvua haiishaki. Nyumba ya mama yangu ilinuka hivi, na kaka yangu alikohoa humo mpaka tukahama. Musogeze kitanda."

Tulikisogeza. Sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa imeota manyoya ya kijivu na kijani, na godoro letu, upande wa chini, lilikuwa na madoa yale yale. Mama alishika kinywa. "Ile haiko masizi," Mama Furaha akasema. "Ile njo kuvu. Inakula ukuta, na mtoto anaivuta."

Ata hakupendezwa. "Mama, hii ni Turkana," akamwambia mgeni. "Maji yetu tunayachimba chini ya mchanga. Ukuta utayatoa wapi?" Mama Furaha hakuinua sauti. Alinyoosha kidole kwenye pipa, kwenye madumu, kwenye nguo zilizokuwa zikichuruzika juu ya kamba, mwisho kwenye nailoni ya dirisha. "Munafunga maji ndani," akasema, "munafunga upepo inje." Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, upande wa bafu, na mlio wake ulikuwa mzito.

Mzee Lomuria aliitwa. Alikuja na kigoda chake, na majirani nyuma yake, akicheka. "Nimeishi katika jangwa hili tangu nizaliwe. Sijaona ukuta ukilowa bila mvua."

"Weka mkono, mzee," Mama Furaha akamwambia.

"Niweke na mguu?" Watu wakacheka.

Aliweka kiganja ukutani, na kicheko kikamkauka. Alikiacha kiganja pale kwa muda, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu alizunguka hadi bafuni, akamwaga dumu zima sakafuni, nasi tukasimama kutazama. Maji hayakwenda kwenye tundu la kutokea. Yalitambaa hadi kwenye ukuta wetu na kupotelea katika ufa. Mzee alikaa juu ya kigoda. "Kumbe nimekuwa nikinywesha ukuta," akasema, "na mbuzi wangu wana kiu."

Mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilimtazama Ata, aliyekuwa amelishika furushi la nguo za Akiru. Mama alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ata, tupe juma moja." Ata akafungua fundo la furushi. "Juma moja. Nami nabaki, nikisikilize mwenyewe kifua chake."

Tulihamia katika chumba cha mwisho kilichokuwa wazi. Mzee Lomuria alilifunga bafu, fundi akavunja sakafu, akaitengeneza upya ielekee upande mwingine, na mtaro ukachimbwa. Godoro lilichomwa moto. Mama na Mama Furaha walijifunga leso puani, wakatufukuza watoto, wakaikwangua ile rangi, wakasugua ukuta kwa sabuni na baadaye kwa maji ya klorini, mlango ukiwa wazi. Waliuacha uchi majuma kadhaa, na jua la Kakuma likafanya kazi yake. Mwisho ulipakwa chokaa. Dirisha likapewa wavu, na pipa likatolewa nje likiwa na mfuniko na kufuli. Mama alinung'unika kwa miezi, maana vumbi lilirudi kwenye vikombe.

Siku ya saba Ata alilaza sikio mgongoni mwa Akiru, naye Akiru akajipinda akilalamika kwamba anatekenywa. Ata alisikiliza pande zote mbili. "Bado kiko kidogo," akasema, "lakini kinafunga mizigo." Kesho yake alipanda basi peke yake.

Ata amelala katika Bwana. Mimi naishi Lodwar, na mwaka jana kanisa lilinichagua kuwa mzee, ingawa sijafika miaka ishirini na mitano, na marafiki hawaishi kunitania. Ninapotembelea familia katika nyumba mpya za ghorofa, zenye vigae na madirisha ya vioo, huomba nao, kisha huwaomba ruhusa niguse ukuta nyuma ya kitanda. Wengine hudhani natafuta hirizi. Siku hizi kila mtu analijua neno kuvu, na simu itamwonyesha picha zake na dawa zake. Lakini mpangaji anaona haya, anatundika pazia juu ya doa. Mwenye nyumba yuko mbali, anamtuma mtu, na mtu huyo anatuma picha. Sisi tulipangishwa na mzee tuliyeweza kumwita Jumapili ile ile, akaja na kuweka kiganja chake. Hilo bado ninalitamani. Chumba cha watu wanne na maji ya mara mbili kwa juma sivitamani.

Akiru yuko shule ya upili, naye ni sauti ya kwanza katika kwaya yao. Hakumbuki chochote cha mwaka ule. Nilipomsimulia jinsi alivyokaribia kwenda kulelewa Lodwar, aliniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. "Kwa Ata kulikuwa na maziwa ya mbuzi kila siku," akasema. "Mngeniacha niende!" Kisha akacheka, kicheko kirefu kilichotoka chini kabisa kifuani, nami nikakingoja mpaka kikaisha chenyewe, bila kikohozi.