Unatembea kwa Nani?

Niliacha shule darasa la sita. Haikuwa kwa sababu ya ada wala ugonjwa. Kila lori lililopita nje ya dirisha nilitaka kujua limebeba nini na linakwenda wapi, na mwalimu hakuwa na majibu hayo. Tangu hapo nilipakia majani ya chai, nikachunga ng'ombe wa watu, nikauza mafuta ya taa kwa vibaba, na nilipofika Tukuyu nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kulala nyumba moja mwaka mzima. Nikapata kazi ya kuziba pancha kwa fundi baiskeli karibu na soko. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya nguo, na yeye alikuwa bado anaongea kama watu wa huko, taratibu, kila neno limeoshwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vilianza kuonekana sokoni, na mitumba haikuwa nguo peke yake, hata baiskeli zilikuja mitumba, zimefungwa pamoja kama kuni. Moja ilikuwa na kidude cha chuma kwenye uma wa mbele, kidogo kuliko kiberiti. Spoku moja ilikuwa na kijiti, na kila gurudumu lilipozunguka kijiti kilikigonga, tik, na namba nyeupe ndani yake zikasogea.

"Kitupe hicho," fundi aliniambia. "Kinapiga kelele bure."

Sikukitupa. Nilipoinunua ile baiskeli kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo, kidude kilikuwa bado kipo, kimepakwa grisi.

Rungwe baiskeli husukumwa zaidi kuliko kupandwa. Mtu hushuka mlima na mikungu minne ya ndizi, na kwenye kupanda anatembea pembeni yake kama anamsindikiza mgonjwa. Mimi nilitaka kuipanda. Nilitafuta mahali tambarare kwa miezi, nikauliza wauza ndizi wa Mpuguso wakanicheka, mpaka siku moja nikakuta njia bondeni, ukishuka kutoka Lufingo. Zamani ilikuwa reli ndogo ya toroli za kubebea magogo kwenda kiwanda cha mbao cha serikali. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, mashine zimefunikwa na majani, na reli yenyewe ilikuwa imeng'olewa na watu ambao hakuna aliyewaona waking'oa. Lakini tuta lake lilibaki, limenyooka kando ya mto, halipandi wala halishuki.

Na mto ulikuwa mzuri. Niliambiwa kwamba kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi unga wa mbao ulimwagwa humo, maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Kilipofungwa, akina mama wa bondeni walitoa magogo yaliyooza, wakapanda matete na mianzi ukingoni, na kijiji kikakataza kulima karibu na maji. Mimi niliukuta umeshapona. Ungeweza kuona mawe chini. Kila Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, nilikuwa naendesha kutoka barabara kuu hadi kiwandani na kurudi, sina mzigo, sina safari, upepo unaingia kwenye mikono ya shati.

Jumapili ya tatu nilimkuta mwanamke amesimama katikati ya njia na jembe. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama yangu. Nyuma yake, uwanja ambapo zamani yalikuwa yanarundikwa magogo ulikuwa umejaa matuta ya magimbi, majani mapana kuliko sinia, na mwisho wa matuta kulikuwa na nyumba moja ya zile walizojengewa wafanyakazi wa kiwanda. Nilishuka, nikamwamkia kwa lugha yao.

"Mugonile, mama."

"Ndaga. Unakwenda wapi?"

"Natembea tu."

"Kwa nani?"

"Siyo kwa mtu. Natembea tu na baiskeli."

Akaegemea jembe. "Na baiskeli inatembea kwa nani?"

Huku mtu akisema anatembea, maana yake ana mwenyeji anayemwendea. Kuna nyumba itakayompikia. Kutembea bila mtu mwisho wa njia ni jambo la kuelezea.

"Hicho kinacholia?" aliuliza.

"Kinahesabu gurudumu likizunguka."

"Ili iweje?"

"Nijue tu, mama."

"Ujue, umwambie nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanipisha, lakini nilipogeuza kiwandani na kurudi alikuwa bado amesimama palepale, anautazama uma wa mbele na siyo uso wangu.

Jumapili iliyofuata nilikuta migomba imelazwa njiani, minne. Niliiondoa. Iliyofuata yalikuwa mawe. Halafu mtaro, umechimbwa usiku au alfajiri, udongo wake bado mweusi, umekata tuta mbele ya matuta ya magimbi. Nikaanza kumshuku. Nikajiambia mwanamke huyu anaficha kitu. Reli zilizong'olewa zilikwenda wapi, kama hazikufukiwa hapa? Matuta yale mbona yamenyooka hivyo? Niliwahi kubeba baiskeli begani nikavuka mtaro, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, huku nachokonoa ukingo wa tuta la magimbi kwa spoku niliyokuwa nayo mfukoni. Haikugonga chuma. Niliona pazia la nyumba likisogea, nikapanda baiskeli nikaondoka na shingo imekakamaa.

Nilimweleza fundi. Alikuwa ananyoosha rimu, hakuinua kichwa.

"Unakumbuka wale waliopima barabara?" aliuliza. "Walikuwa wanasukuma nini?"

"Gurudumu la fimbo."

"Lenye saa. Linalia tik tik. Wakishapita, baada ya wiki nyumba inapigwa alama ya X nyekundu." Akazungusha rimu, akasikiliza. "Sasa wewe, bwana, unapita mbele ya shamba la mtu kila wiki na gurudumu linalia, humtembelei yeyote, na viwanda vya serikali vinauzwa. Mimi ningekuchimbia shimo refu zaidi."

Nilicheka tena, kwa sababu kosa la mama yule lilikuwa zuri. Kisha, jioni ile, nikakumbuka bwana mmoja wa mgahawani, na kicheko kikaisha.

Alikuwa mgeni mwenye mkoba, aliyekaa Tukuyu siku chache. Tulikaa meza moja kwa sababu ya mvua. Akaona grisi kwenye vidole vyangu, akauliza habari za baiskeli, akaniagizia chai na maandazi, na katikati ya maandazi akauliza kama njia ya toroli bado inapitika, kama kuna mtu anaishi kule, kama ardhi ya uwanja wa magogo ni kavu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mambo ninayoyajua. Nilimchorea ramani nyuma ya pakiti ya sigara. Nilimwekea mto, daraja lililovunjika, uwanja, nyumba ya mama yule. Na urefu nikamtajia hadi mzunguko wa mwisho. Aliikunja pakiti taratibu, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Jumapili nilikwenda na bisibisi. Mama alikuwa kwenye matuta. Nikaishika baiskeli mbele yake, nikakifungua kidude, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ni chako, mama. Siyo mashine ya kupimia. Mimi si mtu wa kiwanda."

Alikigeuza, akakitikisa sikioni. Kikanyamaza. Akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Mume wangu alikata mbao hapa mpaka walipofunga," alisema. "Wakatuambia tutoke kwenye nyumba, halafu hawakuja tena kutuambia. Yeye akafa. Mimi nikalima. Uwanja huu ulikuwa na maganda ya miti mpaka magotini, niliyatoa kwa kikapu. Nikitolewa hapa sina pengine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Mto tumeusafisha wenyewe. Ulipokuwa mchafu hakuna aliyekuja kuutazama." Akanitazama kwa mara ya kwanza usoni. "Zile namba. Kuna mtu umemwambia?"

"Hakuna."

Aliingia ndani, akatoka na gimbi lililochomwa na kikombe cha maziwa mgando. Nikala nimesimama. Mtaro hakuufukia.

Walikuja baada ya majuma kama matano, siku ya kazi. Nilisikia habari sokoni, nikashuka bondeni bila ruhusa ya fundi. Watu watatu walikuwa wanapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, na mstari wao ulikuwa umeiacha nyumba nje na kulichukua shamba lote, kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho. Yule bwana wa mgahawani alikuwa amesimama kivulini na karatasi. Akaniona.

"Aa, kijana wa baiskeli," alisema, kwa furaha ya kweli. "Hesabu zako hazikukosea sana."

Mama alikuwa hatua chache kutoka kwetu. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja na wapimaji, akanigeukia akauliza mimi ni nani na nimefuata nini. Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Anatembea kwangu," alisema.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaendelea na mambo yake. Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Wakati mwingine naona alinistahi kama mgeni wake. Wakati mwingine naona alitaka wote wajue kuwa aliyetoa habari za shamba aliingia kwa mlango wake. Wapimaji walipoondoka alifungua pindo la kanga, akanirudishia kidude.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, mama."

Mwenyekiti alikuwa amempa muda wa kutoa mazao yaliyomo, magimbi ambayo mengi yalikuwa hayajakomaa. Kesho yake asubuhi nilirudi. Alikuwa ameshaanza tuta la kwanza, peke yake. Nilisimamisha baiskeli upande wa pili wa mtaro.

"Unatembea kwa nani?" aliuliza bila kuinuka.

"Kwako."

Alichimba mashina mawili matatu kabla hajajibu. "Basi vuka. Jembe jingine liko nyuma ya mlango."

Tulichimba siku nne. Kila nilipokwenda mtoni kunywa maji alinifuata kwa macho mpaka nilipoinama na kurudi. Madogo alisema atayapanda kwa dada yake, huko Matwebe, kama dada yake atampa kipande. Makubwa nilimpelekea soko la Tukuyu, gunia moja kwenye keria na jingine kwenye fremu, nikisukuma mlima wote hadi mjini. Nilipita mbele ya kanisa, mbele ya duka la kijiji, mbele ya mwenyekiti mwenyewe akiwa amekaa barazani. Wote waliniona, wakanisalimu, na njia nzima hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.