Dakika ya Kumkumbuka Fundi

Shangazi yangu amevalisha mtaa mzima, kuanzia sare za shule hadi magauni ya ndoa ambazo nyingine hazikudumu kama mishono yake. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini kifungo cha shati kikimtoka alikuwa akikileta nyumbani kiganjani, ameduwaa, kana kwamba kimemfia njiani.

Wateja walimwita Shangazi fundi. Alipopata watoto wakaongeza "Mama" kwa heshima, akawa Mama Fundi. Hapo ndipo ulipojificha mtego. Mama Mchungaji ni mke wa mchungaji, Mama Mwenyekiti ni mke wa mwenyekiti. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuchanganya mambo, maana kila mtu alikuwa amepimwa kiuno na Shangazi mwenyewe. Makumbusho si mtaani kwetu.

Watu wa makumbusho walikuja kuazima cherehani yake ya miguu. Walikuwa wanaandaa jioni ya sanaa na muziki, kuadhimisha historia ya wanawake. Wakamuuliza aandikwe nani.

"Andikeni Mama Fundi," akasema kwa maringo. "Jina hilo halina wa pili."

Akajishonea gauni jipya la kijani. Maisha yake yote watu wamesifia gauni, kisha wakamsifia bibi harusi. Safari hii alitaka mara moja tu, mbele za watu, asifiwe fundi.

Tulifika mapema. Cherehani ilikuwa juu ya zulia jekundu, imezungushiwa kamba, inatazamwa na kupigwa picha za simu na wageni waliotutangulia. Shangazi alikuwa ameacha miwani nyumbani kwa sababu ilimharibia pozi.

"Nisomee, mwanangu. Kwa sauti, na wengine wasikie."

Nikaanza kwa sauti, nikamalizia kwa mnong'ono. Kikadi kilisema: "Cherehani ya fundi mashuhuri wa mtaa, ambaye sasa ni marehemu. Mkewe, Mama Fundi, alikuwa msaidizi wake."

Shangazi alinitazama. "Marehemu gani? Huyu wangu aliyekuwa akivaa fulana nje ndani?"

Nikamfuata mratibu, binti mwenye simu mbili na kitambulisho shingoni. Alinisikiliza kwa nusu sikio.

"Poleni sana, dada. Tutarekebisha kesho."

"Kesho mtakuwa mnafagia ukumbi! Watu wako hapa leo."

Maandishi yalikwisha kupitishwa na mkurugenzi, akasema. Mkurugenzi alikuwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hasumbuliwi. Nikaomba kalamu. Kikadi hakiandikwi kwa mkono. Nikaomba basi kikadi kiondolewe. Kitu cha maonyesho hakikai bila maelezo. Ukutani nyuma yake bango kubwa lilikuwa linatutabasamia: "Tuwape Wanawake Majina Yao."

Bendi ya akina mama ikapiga, na kusema kweli ilipiga vizuri, ila sikuifaidi. Mara mshereheshaji akakisogelea kile kikadi na kipaza sauti chake. Akakisoma chote, neno kwa neno, kwa sauti ya majonzi.

"Ndugu zangu, tusimame dakika moja, tumkumbuke fundi wetu."

Ukumbi wote ukasimama, mgeni rasmi akiwa wa kwanza. Kimya. Watu wazima na akili zao wameinamisha vichwa, katika jioni ya wanawake, wanamlilia ufundi mtu ambaye hakuwahi kutunga uzi.

Shangazi akainama, akapita chini ya kamba. Akaketi kwenye cherehani yake, akaweka miguu, akakanyaga. Ukumbi mzima ukajaa mlio ule niliolala nao utotoni.

"Mama, tunamkumbuka marehemu," mshereheshaji akamnong'oneza.

"Marehemu alikuwa dereva! Fundi ni mimi!"

Nilisikia mimi niliyekuwa karibu. Wengine hawakusikia, kwa kuwa cherehani yenyewe ilimeza maneno yake. Wakaanza kupiga makofi, nami kwa ujinga wangu nikadhani tumeshinda.

"Mnamwona, jamani?" mshereheshaji akasema, anajifuta macho. "Hadi leo anaendeleza kazi ya mumewe!"

Makofi yakazidi. Shangazi akaacha kukanyaga.

Siku walipoirudisha cherehani, mratibu alikuja nayo. Alishukuru, akasifia chai, kisha akatoa gauni kwenye mfuko, aibu kidogo usoni.

"Mama Fundi, nimeambiwa kumbe na wewe unashona. Hii zipu imekufa, na nina shughuli Jumamosi."

Shangazi aliligeuza lile gauni, akaitazama zipu, akalikunja vizuri na kumrudishia.

"Mpelekee fundi, mwanangu. Si yule mliyesimama dakika nzima kumkumbuka?"