Upande Gani wa Barabara

Sironka alikuwa mwoga, na aliuficha uoga wake vizuri kuliko watu wengine wanavyoficha ulevi. Miaka kumi na tisa ya kuendesha malori ya mafuta ilimpa sifa mtaa mzima wa Kwa Mrombo ya kuwa mtu mgumu, mtu wa maneno machache, na yeye akaiacha sifa hiyo ikae. Angesema nini? Mwarusha aliyesimama jandoni mbele ya baba na wajomba bila kupepesa jicho, leo aje awaambie watu kwamba anaogopa gari?

Lakini aliogopa, na nyumba yake yote iliishi kwa kufuata uoga huo. Nguo za kazi hazikuingia ndani. Alizivua nyuma ya nyumba na kuzitundika kwenye ua wa michongoma, hata mvua inyeshe. Umeme ukikatika, mshumaa ulikuwa marufuku. Majirani walimtania kwamba siku moja atalizuia hata jua lisiwake. Alicheka nao, kisha akaenda kuhakikisha kiberiti kipo juu ya kabati.

Jambo la ajabu ni kwamba pua yake ilishakufa. Petroli hakuisikia tena. Madereva wengi wa mafuta huishia hivyo: ukikaa na kitu miaka yote hiyo, pua nayo inachoka kukuambia habari zake. Mkewe Nashipae ndiye aliyekuwa pua yake. "Baba Nalepo, rudi ukaoge tena," angemwambia mlangoni, na Sironka alirudi bila ubishi.

Uoga wa zamani ulikuwa wa kawaida, wa kuishi nao. Uliomvunja ulianza mwaka huu, kwenye tela. Bomba linalopeleka upepo kwenye breki za ekseli moja ya nyuma lilikuwa linavuja, na fundi wa yadi, badala ya kulibadilisha, aliliziba. Lori likaacha kuvuja, ni kweli, ila magurudumu ya ekseli ile hayakuwa na breki tena. Mwezi uliofuata akaziba la ekseli ya pili. Sironka aliandika kwenye kitabu cha gari mara nne. Meneja wake, Ludovick, ambaye naye aliendesha malori kabla hajanenepa na kupewa ofisi, alisoma mara zote nne na kujibu jibu lilelile: "Spea zinakuja, mzee wangu. Nenda nalo polepole."

Akaenda nalo polepole. Jumamosi moja alikuwa anapeleka petroli kituo cha Usa River, lita elfu thelathini na tano mgongoni, na kwenye mteremko wa kuingia Tengeru akakanyaga breki. Lori likasita kidogo, kisha likaendelea na safari yake. Ilikuwa siku ya gulio. Mbele yake watu walikuwa wanavuka na mikungu ya ndizi, na kando ya barabara nyanya zilipangwa juu ya maturubai mpaka karibu kabisa na lami. Alishusha gia, injini ikapiga yowe, akashusha nyingine, akakandamiza honi, akausugua ukingo wa barabara kwa tairi za upande mmoja. Lori lilisimama hatua chache kutoka kwenye turubai la kwanza. Mama mmoja alipiga mlango kwa kiganja akamuuliza kama amelala. Sironka alishuka, akachuchumaa akajifanya anakagua tairi.

Hakumwambia mtu, na mkewe ndiye wa mwisho ambaye angemwambia. Nashipae aliuza nyanya soko la Kwa Mrombo, na kila Jumatano na Jumamosi alikwenda kuzinunua Tengeru, kwenye maturubai yaleyale. Jumamosi ile alibaki nyumbani kwa sababu binti yao Nalepo alikuwa na homa. Sironka alilifikiria jambo hilo kila alipofumba macho, na homa ya mtoto ikawa kitu cha kushukuru kanisani kimyakimya, huku akiona aibu.

Basi mgomo ulipokuja, ungedhani angeukimbilia kwa mikono miwili. Madereva walikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye sehemu ya nyama choma, na Gidion, kijana mwenye ulimi mkali kuliko umri wake, akasoma madai: breki zitengenezwe, mikataba iandikwe, dereva apumzike baada ya safari ya kuchukua mafuta Tanga, safari ndefu iwe na madereva wawili. Wasiposikilizwa, Jumatano hakuna lori litakalotoka getini. Karatasi ikazunguka. Ilipofika kwa Sironka, akaipitisha kwa jirani.

"Mzee Sironka, wewe tena?" Gidion aliuliza. "Gari lako ndilo bovu kuliko yote!"

"Nipe muda, mdogo wangu."

Ukweli ni kwamba aliogopa pande zote mbili. Ana miaka hamsini na minne, mkataba hana, na mgomo ukivunjika hawataanza kumfukuza kijana. Atakwenda wapi na leseni yake ya malori? Usiku ule akamweleza Nashipae habari za mgomo, akamwapisha asimwambie mtu. Nashipae alisikiliza, akauliza kama mshahara utakatika, akasikia jibu, akageukia ukutani. Na kweli hakumwambia mtu.

Jumanne mchana Ludovick akapiga simu. "Mzee wangu, nimesikia watoto wanataka kuleta ujinga kesho. Wewe ni mtu wangu. Lori lako limeshapakiwa, lipeleke Usa River asubuhi. Wakikuona wewe umetoka, watatoka wote." Sironka akasema sawa, bosi. Neno lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka miaka kumi na tisa.

Saa kumi jioni alikuwa ameoga, amevaa shati safi, amekaa jikoni na Nalepo. Mahindi ya loshoro, ya kuchanganywa na maziwa ya mgando, yalikuwa yanachemka juu ya jiko la mkaa, na mtoto alikuwa anafanya hesabu za shule kwenye kigoda. Nashipae alikuwa bado sokoni.

"Baba, umeoga?"

"Nimeoga, mama."

"Mbona kunanuka kazi yako?"

Sironka alinusa shati. Alinusa mikono. Hakusikia kitu. "Harufu iko wapi, Nalepo? Nionyeshe."

Mtoto alinyoosha kalamu kwenye ukuta wa mbao unaotenga jiko na stoo. "Huko. Tangu jana."

Hakwenda kuangalia. Alimbeba mtoto na daftari lake, akamtoa mpaka nje ya geti, akamwambia asimame pale hata akiitwa na nani. Alirudi jikoni. Kulimwagia jiko maji hakuthubutu, cheche zingeruka. Kutafuta kitambaa hakukumbuka. Aliepua sufuria, akalishika lile jiko kwa mikono mitupu, akatembea nalo, akahesabu hatua zote mpaka uwanjani mbele ya nyumba, akalitua chini taratibu kama anayelaza mtoto. Ndipo akaiangalia mikono yake na kuanza kulia.

Stoo kulikuwa na madumu manne ya lita ishirini chini ya magunia. Moja kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, likazibwa kwa kipande cha kanga, na kanga ilikuwa imelowa.

Alikuwa analitoa la mwisho kwenda kwenye ua wa michongoma Nashipae alipoingia na beseni lake.

"Mama Nalepo! Unataka kutuua?" Sauti yake ilifika mpaka kwa majirani. "Usiku mzima tumelala na bomu! Mtoto anasoma pembeni ya jiko! Mimi, mume wako, kazi yangu unaijua, na unaniwekea petroli ndani?"

Nashipae alitua beseni. Alipoiona mikono ya mumewe alishika mdomo, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nilifikiri yakifungwa hayana neno," alisema. "Ulisema mgomo. Nikasema vituo vikikauka, bodaboda watanunua kwa chupa, tutakula. Nilijua hutasikia harufu." Akayatazama madumu. "Na mimi naogopa, Baba Nalepo. Naogopa njaa."

"Njaa! Bora njaa! Lita themanini, Nashipae, ndani ya nyumba yenye mtoto!"

Hapo mkewe aliinua uso, na haukuwa tena uso wa mtu anayeomba msamaha.

"Na wewe unabeba ngapi?"

Sironka alilitua lile dumu la mwisho.

"Kila usiku unaota. Unapiga kelele, Tengeru, Tengeru, ondokeni, breki, breki. Nimekaa kimya nikisema ataniambia mwenyewe. Leo bosi wako amekupigia, akajitapa yadini, na nimesikia kwa mke wa Gidion kwamba wewe ndiye utakayetoka kesho. Kesho ni Jumatano. Nitakuwa Tengeru tangu saa moja nanunua nyanya." Aliongea polepole, kama anayeuliza bei. "Basi niambie, wewe unayejua gari lako. Nikae upande gani wa barabara?"

Nje ya geti Nalepo aliuliza kama sasa anaweza kuingia. Nashipae akainuka, akaenda kumfungulia.

Sironka hakulala. Alikaa kwenye kigoda karibu na ua, akiyalinda yale madumu, mikono imefungwa kwa kitambaa na asali, mpaka Mlima Meru ulipoanza kuonekana. Nashipae alitoka na beseni lake saa kumi na mbili.

Yadini madereva walikuwa wamesimama nje ya geti, wengine wamechuchumaa, na hakuna aliyekuwa na uhakika na mwenzake. Ludovick alisimama ndani, mikono kiunoni. Alipomwona Sironka alitabasamu.

"Pita, mzee wangu! Waonyeshe hawa watoto kazi."

Geti likafunguliwa nusu. Sironka akapita, na nyuma yake akamsikia Gidion akitema mate. Alikwenda ofisini akachukua ufunguo kwenye msumari wake, akarudi nao mpaka mbele ya lori, mahali ambapo watu wote walimwona, akamnyooshea Ludovick kiganja chenye kitambaa, ufunguo juu yake.

"Bosi, mimi naogopa."

Ludovick alicheka, akawatazama walio nje ili wacheke naye. "Mwarusha mzima! Unaogopa nini?"

"Gari. Tangu zamani. Usiku napiga kelele kitandani, mke wangu ananisikia." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Leo yuko Tengeru, gulioni. Ameniuliza akae upande gani wa barabara ili lori hili lisimpitie. Sijui nimwambie nini. Wewe umeendesha, ekseli zilizozibwa unazijua, kitabu umekisoma. Chukua ufunguo. Endesha wewe mpaka Usa River, mimi nitakaa pembeni yako. Au niambie upande, nimpigie simu sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Ludovick aliuangalia ufunguo, kisha macho yake yakapanda kwenye tela, yakatembea polepole mpaka magurudumu ya nyuma, yakabaki hapo. Mkono wake wa kulia ulianza kuinuka kutoka kiunoni, ukaishia njiani. Akauingiza mfukoni.

Sironka aliendelea kusimama na kiganja wazi mbele ya watu wote. Gidion alikuwa wa kwanza kupita getini na kuja kusimama kando yake.