Kompyuta Haikuona Kosa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue saa. Msimamizi wa karakana ya serikali pale Morogoro, mzee mwembamba mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, aliitazama akasema, "Ukitaka kuiona kesho, iweke mfukoni. Betri ya katapila haijui kwamba wewe ni mgeni." Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari na kiburi cha kutosha. Kiburi kiliisha kabla ya chai ya saa nne, maana nilitumwa kutafuta hitilafu ya stata kwenye greda, nikaitafuta upande ambao stata haikuwapo.

Mitambo ya wakati ule haikuwa na mambo mengi. Injini ikichemka mshale wa joto ulipanda, na mshale ukifa opereta alisogeza kiganja kwenye rejeta akajua mwenyewe. Msimamizi alikuwa akisema opereta asiyesikia injini yake ni abiria. Ninyi vijana mtacheka, lakini injini zilidumu.

Kisha likaja soko huria. Karakana ikakosa spea, nyasi zikaota kati ya magreda, na sisi tukapunguzwa kazi kwa mafungu kama mbuzi wa mnadani. Nilibahatika kuchukuliwa na kampuni ya mtu binafsi iliyokuwa ikipata kandarasi za barabara. Kampuni ilinunua vijiko, yaani ile mitambo ya kuchimba yenye mkono mrefu, vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Vilishushwa bandarini na rangi mpya juu ya kutu ya zamani. Ndani vilikuwa na kitu ambacho hatukukizoea: kompyuta.

Niwaeleze kidogo. Sensa ni kijidude cha shaba kinachofungwa kwenye injini kupima joto, presha ya oili au mzunguko, kisha kupeleka habari kwenye kompyuta kwa waya. Habari ikikatika, kompyuta huwasha taa na kuhifadhi namba ya kosa. Kuisoma, tuliunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, na taa ikaanza kukonyeza. Makonyezo marefu yalikuwa makumi, mafupi yalikuwa mamoja. Fundi akihesabu, hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Hata mama ntilie alisimama na sahani zake mpaka tumalize. Nakiri niliipenda ile heshima.

Ila sensa mpya ilikuwa ya kuagiza nje, na wakubwa hawakuwa na subira. Tukazoea kufunga sensa zilizong'olewa kwenye mitambo iliyokufa. Kanuni ya mafundi wengi ikawa hii: ikiingia kwenye tundu, soketi ikashika na taa ikazima, mgonjwa amepona.

Masika moja mlima uliporomoka ukafunga barabara ya kutoka Mkuyuni kwenda Matombo. Kijiko chetu kikubwa kilipelekwa kuzoa tope, na opereta wake alikuwa Athumani, Mluguru wa hukohuko milimani, mtu mpole aliyekuwa akiisalimu injini kila asubuhi kama mkwewe. Mimi nilikuwa Mlali na mtambo mwingine. Sensa ya joto kwenye kijiko cha Athumani ikafa, taa ikawaka, na Meneja wa Mitambo akapeleka sensa aliyoinunua mwenyewe kwa wauza spea za kukatwa kwenye mitambo mibovu. Ikaingia, soketi ikashika, taa ikazima.

Siku ya pili yake Athumani alisimamisha kazi akamwendea Meneja.

"Bosi, injini inapumua vibaya. Nasikia joto hadi miguuni."

Meneja akapanda, akatazama kioo cha vipimo. "Kipimo kinaonyesha iko poa. Athumani, hii siyo mitambo ya ujamaa. Fuata taa, achana na masikio."

Athumani akarudi kazini. Kabla ya adhuhuri injini ilinoki. Ilikwama moja kwa moja, na moshi mweupe ukapanda juu ya migomba.

Niliitwa kutoka Mlali. Niliunganisha waya, watu wakanyamaza, nikasubiri makonyezo. Taa ilitoa alama ya kwamba hakuna kosa lililohifadhiwa. Nilirudia, jibu likawa lilelile. Athumani alikuwa amesimama karibu na cheni ya mtambo, akiniangalia mdomo.

"Inasemaje, fundi?"

"Haisemi kitu," nikamwambia.

Nilimwona akikaa chini kwenye tope na suruali yake safi. Alielewa kabla yangu. Kama kompyuta haina kosa, basi mwenye kosa ni yeye.

Kesi yake ilikuwa mikononi mwangu, na nilijua pa kuanzia. Kompyuta hulalamika pale tu habari inapokatika au inapopita mipaka. Sensa ya mtambo wa aina nyingine inaweza kuingia kwenye tundu vizuri kabisa, ikaendelea kupeleka habari za uongo kwa sauti ya upole, na kompyuta ikaridhika. Nikaomba sufuria kwa mama ntilie. Nikaing'oa sensa ile, nikaitumbukiza kwenye maji pamoja na nyingine nzima niliyokuja nayo, nikateleka, nikapima ukinzani wa umeme wa kila moja kwa mita. Sensa nzuri ikipata moto, ukinzani hushuka. Maji yalipochemka, nzima ilishuka kama inavyotakiwa. Ile ya Meneja ilisimama pale ambapo ingekuwa kwenye maji ya kuoga mtoto.

Meneja alikuwa amechutama upande wa pili wa moto. Akainama akaisoma mita mwenyewe.

"Nimeona," akasema. "Mwaga hayo, teleka mengine, tunywe chai."

Tulikunywa. Yeye mwenyewe alimtilia Athumani sukari. Athumani alishika kikombe kwa mikono miwili akatabasamu, na mimi pia niliamini yamekwisha. Kwetu mtu akikutilia chai baada ya ugomvi, amekusamehe.

Asubuhi Mkurugenzi, mwenye kampuni, alifika kutoka mjini, akashuka kwenye gari akiwa tayari na hasira.

"Kompyuta inasemaje?"

"Haikuona kosa lolote, Mkurugenzi," Meneja akajibu.

"Shikamoo, Mkurugenzi," nikaingilia. "Kompyuta ilidanganywa. Sensa iliyofungwa siyo ya mtambo huu. Jana tumeipima kwenye maji ya moto, na Meneja alikuwapo."

Mkurugenzi akamgeukia Meneja. Meneja akainama kufunga kamba za buti zake.

"Wewe umechemsha sufuria," Mkurugenzi akaniambia, "na mimi nimenunua kompyuta. Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Athumani, kabidhi funguo."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," nikasema.

"Ameshapewa," akajibu, akarudi garini.

Athumani alikabidhi funguo kwa mkono wa kulia, kwa adabu, akatembea kwenda kwao. Meneja baadaye aliniambia, "Nina watoto wanasoma." Habari za opereta aliyeua injini zilitangulia kila alikoomba kazi, Mlali, Mzumbe, mpaka mjini. Hakushika usukani tena.

Mimi niliendelea hadi nilipostaafu. Vijana wa leo wana vifaa vinavyosoma kosa kwa maneno kamili, na nafurahi, ingawa wakiniuliza kazi yangu iliniachia nini, huwa nasema macho mabovu tu. Si kweli. Iliniachia huzuni ambayo haina namba.

Mwaka jana nilipanda Mkuyuni kumtembelea Athumani. Amekonda, analima migomba na pilipili manga kwenye mteremko. Tulikuwa tukipalilia pamoja, ng'ambo ya bonde kijiko kipya kikichimba mfereji wa barabara. Ghafla akasimama, akaegemea jembe, akainamisha kichwa.

"Ile ina joto," akasema.

Nikatega sikio. Sikusikia tofauti yoyote.

"Tushuke tukawaambie?"

Akaitazama, mkono wake wa kulia ukifumba na kufumbua kwenye mpini. Kisha akainama, akaendelea kupalilia.

"Waache," akasema. "Wana taa."